Findali

Jumatano, Ibra, soko ni la wanawake.
Kati ya mafungu ya udi na vitambaa vya kupimwa kwa mkono
mama alisimama mbele ya kikapu cha viazi,
akagusa kimoja kilichovunjika.
"Tazama," akaniambia, "nje vumbi,
ndani kaniki mpya, haijafuliwa."

Muuzaji, Ghania binti Seif, alisema: findali.
Mbegu kaileta Delwar, kibarua wao wa Sylhet,
marando matatu kwenye chupa ya maji,
kapewa na mwenzake wa Barka.
Akayalaza matutani kando ya falaji,
akayanywesha kwa zamu ya Jumanne usiku.
Mama hakuuliza bei.
Mama, anayegombea baisa kumi za kotimiri!

Garini akaanza Wete, Ramadhani, sufuria ya nazi.
Shangazi Mize alikuwa na tuta moja la viazi hivi,
vilivyogeuza tui kuwa rangi ya magharibi,
na matembele yake hayakuliwa na mbuzi wa mtu.
Alikuja Omani mwaka sabini na mbili,
na sanduku moja, na Kiarabu cha sala tu.
Alipoomba "kiazi" dukani, wakacheka.
Akajifunza: batata. Akajifunza: findali.
Miaka hamsini analitamka neno hilo
na ndani yake hakukuwa na kitu.

Usiku nikasoma.
Kiazi kitamu si cha Pemba, wala si cha Ibra.
Kwao ni ng'ambo ya bahari ya pili,
Marekani, kabla haijaitwa hivyo.
Mabaharia wa Kireno wakakipakia,
kikashuka Afrika, kikashuka Bara Hindi,
kwa njia nyingine kikafika Uchina, kisha visiwa vya kusini mwa Japani,
ambako hiki cheusi kilikwenda kuwa mtoto wa nyumbani.
Maskati tulimtoa Mreno kwa panga.
Kama kiazi kilikuja naye, sijui, kitabu kimenyamaza,
lakini kama kilikuja, hakuna aliyekiambia kiondoke.
Nikamsomea mama. Akatafuna kwanza.
"Kumbe na yeye mhamiaji," akasema,
"na hakuna anayemuuliza kabila."

Ana sukari, ndiyo.
Kumi na moja nukta nne, asubuhi ile.
Abrar wa lishe, zahanatini, binti wa Sur,
alieleza kwa utaratibu, nami nikafasiri:
rangi hiyo ni jamaa ya rangi ya zambarau, lile tunda,
inasemekana huilinda mishipa;
nyuzinyuzi huishika sukari mkono isikimbie.
Chemsha na ganda lake. Usikaange, usichome.
Kipande kisizidi ngumi.
Na si dawa, khale, vidonge usiache.
"Ngumi ya nani?" mama akauliza,
akamtazama mjukuu wake Muadh, golikipa.

Tangu hapo, baada ya alfajiri,
anakwenda kwa miguu hadi shamba la kina Ghania
kuangalia kama marando yamelala au yamesimama.
Delwar humwonyesha kwa Kibangali, yeye humrekebisha kwa Kipemba,
na matuta yananyooka.
Kipimo sasa ni nane, mara tisa, mara nane.
Labda ni kiazi. Labda ni kule kutembea.
Labda ni vile vijiko vitatu vya chai
alivyoviacha bila kututangazia.
Abrar huandika namba, hatii neno.

Jana alinena, "Kitendawili!"
Tukajibu, "Tega!"
"Nimemzika maskini, nimemfukua sultani."
Muadh alikosea mara mbili, akadai mji, hakupewa.
Mama akamimina maji ya kuchemshia kwenye bilauri,
meusi karibu na wino,
akakamua ndimu.
Yakawaka waridi, ghafla, mbele yetu.
Hakuna aliyesema kitu.
Kisha Muadh akatoa ulimi wake, wa zambarau,
na bibi yake, miaka sabini na tisa,
akatoa wake.